KoboToolbox katika mapokezi ya kliniki ya fiziotherapia: tathmini baada ya kuandika upya fomu ya mgonjwa mpya

Mgonjwa anayeingia kliniki ya fiziotherapia kwa mara ya kwanza huwa amekwisha kuzunguka sana. Amepita zahanati akapewa dawa za maumivu, amekandwa nyumbani kwa maji ya moto, pengine amepigwa picha ya eksirei katika hospitali ya mkoa, na ndipo akaandikiwa karatasi ya kuja kwetu. Tukimpokea kwa karatasi nyingine yenye mistari mitupu na vichwa kama "Historia ya ugonjwa" na "Magonjwa mengine", ataandika "mgongo" katika mstari wa kwanza na "hakuna" katika wa pili, kisha atairudisha. Kwa miaka kadhaa hiyo ndiyo fomu tuliyokuwa nayo katika kliniki yetu ndogo mjini Tanga, na sehemu kubwa ya muda wa kumpima mgonjwa mpya ilikwisha katika kuuliza upya mambo ambayo fomu ilipaswa kuwa imekwisha kuyauliza.

Tulipoamua kuiandika upya tulichagua KoboToolbox, programu ya kutengeneza fomu na kukusanya majibu kwa simu au kompyuta, na baada ya kuitumia kutengeneza fomu ya usajili, fomu ya mgonjwa mpya na fomu ya maendeleo, naweza kuitolea hukumu. Kwa kliniki ambayo haina fedha za kununua mfumo kamili wa hospitali, hiki ni chombo kizuri sana. Hata hivyo, faida yake humfikia yule aliyekwisha kuyafikiria maswali yake kwa Kiswahili kabla ya kugusa kompyuta, kwa sababu programu itaonyesha kwa uaminifu chochote utakachoiandikia, yakiwemo maswali mabovu ya karatasi ya zamani.

Chombo hiki kilianzia kwa watafiti wa Harvard Humanitarian Initiative nchini Marekani, kikajengwa juu ya msingi wa ODK, mradi wa programu huria za kukusanya taarifa kwa simu, na lengo lake la awali lilikuwa kuwasaidia wanaokusanya taarifa katika maeneo ya maafa na vita. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki watakuwa wamekutana nacho katika tafiti za kaya, pale msaili anapokuja mlangoni na kishikwambi. Asili hiyo inaonekana katika jambo ambalo kwetu lina uzito mkubwa: programu ya KoboCollect hufanya kazi kwenye simu au kishikwambi cha Android bila mtandao, ikahifadhi fomu zilizokamilika na kuzituma mtandao unaporudi. Umeme ukikatika asubuhi na kipanga njia kikazimika, mapokezi yanaendelea kama kawaida.

Fomu ya karatasi humwuliza kila mtu kila kitu, na matokeo yake ni kwamba mvuvi aliyeumia bega anakuta swali la ujauzito, naye mama mwenye maumivu ya kiuno anakuta maswali kumi ya goti. Katika KoboToolbox kila swali linaweza kufungwa kwenye jibu lililotangulia, likajitokeza pale tu linapohitajika. Mgonjwa akichagua mgongo wa chini, hapo ndipo yanapofunguka maswali ya dalili za hatari: je, ameshindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au mkojo umegoma kutoka? Je, amepoteza hisia katika sehemu anayokalia, karibu na sehemu za siri? Je, miguu yote miwili imekuwa dhaifu? Je, ana homa, jasho jingi la usiku, au amekonda bila sababu? Maswali matatu ya kwanza yanahusu mishipa ya fahamu iliyobanwa chini ya uti wa mgongo, hali inayohitaji hospitali siku hiyohiyo. Swali la mwisho ni la lazima katika nchi ambayo kifua kikuu bado kipo, kwa kuwa kifua kikuu cha pingili za mgongo hujificha nyuma ya malalamiko ya kawaida kabisa ya kiuno. Jibu la "ndiyo" katika swali lolote kati ya hayo huleta ujumbe kwenye kioo unaomtaka mhudumu amwite mtaalamu mara moja, badala ya kumwacha mgonjwa asubiri zamu yake kwenye benchi. Laiti KoboToolbox ingekuwa na uwezo huo mmoja tu, bado ningeipendekeza.

Kuna njia mbili za kutengeneza fomu. Ya kwanza ni kijenzi kilichomo ndani ya kivinjari, ambapo unaongeza swali, unachagua aina yake na unalivuta hadi mahali pake. Mtu asiye fundi wa kompyuta ataielewa katika alasiri moja. Ya pili ni kuandika fomu nzima katika Excel kwa mtindo unaoitwa XLSForm, wenye ukurasa wa maswali, ukurasa wa majibu ya kuchagua na ukurasa wa mipangilio. Kwa fomu fupi kijenzi kinatosha, lakini kwa fomu ya kliniki, yenye matawi mengi na lugha mbili, naishauri Excel bila kusita, kwa sababu unaiona fomu yote kwa jicho moja na unaweza kumpa mwenzako aisome na kuikosoa hata kama hajui lolote kuhusu programu yenyewe. Mimi ilinichukua jioni nyingi za majuma mawili kuizoea. Makosa yake ni ya herufi moja na alama moja: jina la swali likiandikwa tofauti kidogo katika sharti, swali tegemezi halijitokezi au fomu nzima inakataliwa.

Kilichonifanya nikipende chombo hiki ni picha ya mwili. Kiswahili chetu cha kila siku huita "mkono" kila kitu kuanzia begani hadi ncha za vidole, na "mguu" kila kitu kuanzia nyonga hadi wayo, kwa hiyo mgonjwa anayeandika "naumwa mguu" hajakosea neno, ila mimi sijapata kitu. XLSForm inaruhusu mgonjwa ajibu kwa kugusa mchoro. Unachora mwili katika muundo wa SVG, aina ya faili la mchoro ambao kila sehemu yake hujitegemea, unaipa kila sehemu utambulisho unaofanana na jina la jibu katika ukurasa wa majibu, na mgonjwa akigusa sehemu hiyo inabadilika rangi. Jibu linahifadhiwa kama neno, wala si kama picha, hivyo mwisho wa mwezi unaweza kuhesabu ni wangapi walikuja kwa goti la kulia. Mchoro wetu niliuchora kwa Inkscape, programu isiyolipiwa.

Mchoro wa kwanza ulikuwa mbaya, na sababu zake zitamfaa yeyote atakayejaribu. Nilikuwa nimeugawa mwili katika sehemu ndogondogo kama katika vitabu vya anatomia, na vidole vya wazee vikawa vinagusa sehemu mbili kwa wakati mmoja, basi nikazipunguza zikabaki chache na kubwa. Tatizo la pili lilikuwa zito zaidi. Katika mchoro wa mtu anayekutazama, mkono wake wa kushoto uko upande wako wa kulia, na wagonjwa wengi waliuchukua mchoro kama kioo, wakagusa upande usio wao. Kosa la upande si la kupuuzwa katika kazi yetu. Tuliuweka mbele mchoro wa mgongoni, ambao kulia kwake ndiko kulia kwa anayeutazama, tukaandika "kulia kwangu" na "kushoto kwangu" kwenye kila mchoro, na bado mtaalamu anathibitisha upande kwa mdomo kabla ya kumgusa mtu.

Baada ya picha yakaja maneno, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Fomu nyingi za fiziotherapia zinazozunguka kwetu zimetafsiriwa kutoka Kiingereza neno kwa neno, nazo huuliza mambo ambayo mgonjwa hayasemi hivyo. Chukua neno "mshipa". Kwa mgonjwa, mshipa ni wa damu, ni wa fahamu, ni kano, na kwa wazee wengi ni ngiri, hivyo "mshipa umekaza" inaweza kuwa mambo manne tofauti. Chukua "ganzi": mmoja anasema ana ganzi akimaanisha kwamba hahisi anapoguswa, mwingine anasema ana ganzi akimaanisha kwamba anahisi kama sindano nyingi zinamchomachoma. Kwa mtaalamu hizo ni habari mbili. Tulifuta swali lililouliza "Je, una ganzi?" tukaweka majibu mawili ya kuchagua, "Sihisi vizuri ninapoguswa" na "Nahisi kama sindano au sisimizi", na mgonjwa anaruhusiwa kuchagua yote mawili. Kwa aina ya maumivu tuliweka maneno ambayo watu huyatamka wenyewe wakifika: yanachoma, yanawaka moto, yanavuta, yanapwita, yanakata kama kisu. Neno "kiuno" lenyewe linahitaji msaada wa mchoro, kwa kuwa wengine huliita kiuno eneo la nyonga, na kwa akina mama linaweza kuwa maumivu ya tumbo la chini yasiyohusu mgongo hata kidogo.

Swali la magonjwa mengine lilibadilika kuliko yote. Mtu anayemeza dawa ya presha kila asubuhi atasema kwa moyo mweupe kwamba hana presha, kwa sababu imeshuka, na imeshuka kwa sababu ya dawa. Kwa hiyo fomu yetu huanza na "Ni dawa gani unatumia kila siku au ulitumia mwaka huu?", ndipo ifuate orodha ya kuchagua: presha, kisukari, moyo, pumu, kifafa, kiharusi, kifua kikuu, saratani. Kila jina katika orodha hiyo lina sababu ya kuwapo. Mwenye kisukari cha miaka mingi huenda amepoteza hisia miguuni, na pakiti ya moto ikiwekwa juu ya ngozi isiyohisi itamwunguza bila yeye kujua. Vivyo hivyo, aliyewekewa vyuma baada ya kuvunjika, aliyewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo na mwenye ujauzito wanapaswa kujulikana kabla mashine ya mawimbi mafupi, inayopasha joto ndani ya mwili, haijawashwa. Mtengenezaji wa fomu asiyejua swali lake linazuia madhara gani ni bora aliondoe.

Vipimo vya namba vinahitaji uangalifu wa namna yake. Tunatumia kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10, ambapo 10 ni maumivu makali kuliko yote, na tunatumia pia kile kipimo cha shughuli za mgonjwa mwenyewe kilichoelezwa na Stratford na wenzake nchini Kanada mwaka 1995, ambapo mgonjwa hutaja shughuli zinazomshinda, hadi tano, akaipa kila moja alama. Katika hicho cha pili 0 ni kushindwa kabisa na 10 ni kuweza kama zamani, yaani mwelekeo wake ni kinyume cha kile cha kwanza. Tulipoviweka katika ukurasa mmoja, watu walijibu cha pili kwa mazoea ya cha kwanza. Sasa vimetenganishwa kurasa, na kila mwisho wa mstari una maneno yake kamili badala ya namba tupu.

Kipimo hicho cha shughuli ndicho ninachokithamini kuliko vyote, kwa sababu kinampa mgonjwa nafasi ya kusema maisha yake. Orodha ya mifano inayojitokeza chini ya swali tuliiandika kutokana na watu tunaowaona: kusujudu na kuinuka, kukaa mkekani, kuchuchumaa chooni, kukuna nazi ukiwa umekalia mbuzi, kujitwisha ndoo, kuvuta nyavu, kukata mkonge, kupanda daladala, kumbeba mtoto mgongoni. Mama anayesoma "kukuna nazi" kwenye kioo huelewa mara moja kwamba anaulizwa kuhusu jiko lake.

Kwa mgongo tunatumia pia kipimo cha Oswestry, dodoso la jinsi maumivu ya mgongo yanavyomzuia mtu katika shughuli zake, kilichochapishwa Uingereza mwaka 1980, chenye vipengele 10 vya alama 0 hadi 5. KoboToolbox hujumlisha na kugeuza kuwa asilimia yenyewe, na ukiandika hesabu vizuri itagawanya kwa 45 badala ya 50 iwapo kipengele kimoja kimeachwa. Hilo lina faida ya moja kwa moja kwetu, kwa sababu kipengele kimojawapo kinahusu tendo la ndoa, na si haki kumlazimisha mtu akijibu mbele ya mkwe wake.

Hapo ndipo linapokuja suala la nani anashika kishikwambi. Wazee wetu wengi huja na binti au mjukuu, naye ndiye anayesoma na kugusa majibu. Wengine husomewa na mhudumu wa mapokezi, kwenye ukumbi, watu wakisikia. Swali la kushindwa kuzuia mkojo likisomwa kwa sauti ukumbini, jibu litakuwa "hapana" hata kama ukweli ni "ndiyo", na swali lililokusudiwa kuokoa maisha litakuwa limezimwa na mahali lilipoulizwa. Tuliigawa fomu: namba ya mgonjwa, makazi, bima na mchoro wa mwili hujazwa mapokezi, na yaliyobaki hujazwa nyuma ya pazia, mgonjwa akiwa na mtaalamu au na mtu aliyemchagua mwenyewe. Ni kwa sababu hii nasema kwamba programu haiwezi kubuni fomu kwa niaba yako, maana hakuna kitufe kinachojua kuta za kliniki yako ziko wapi.

Namba ya simu nayo ilinifundisha. Unaweza kuweka sharti kwamba namba iwe na tarakimu 10 na ianze na 0, pamoja na ujumbe wa kosa ulioandikwa kwa Kiswahili chako mwenyewe, na makosa ya uandishi yanakoma. Lakini namba sahihi inaweza kuwa ya mtoto, ya jirani au ya mwenye duka. Tuliongeza "Simu hii ni ya nani?" na "Je, tunaweza kutaja kliniki tukipiga?", na tangu hapo mhudumu hupiga simu akijua anaongea na nani.

Jihadhari na uwezo wa kufanya swali kuwa la lazima. Unavutia, kwa kuwa fomu haiendelei mpaka lijibiwe, nasi tuliutumia kila mahali mwanzoni, ikiwemo tarehe ya kuzaliwa. Wazee wasiojua tarehe yao walipewa na wahudumu tarehe 1 Januari, na takwimu zetu zikajaa watu waliozaliwa siku moja. Sasa tunaomba mwaka, au umri wa kukadiria, na maswali ya lazima yamebaki ya ridhaa, namba ya mgonjwa, sehemu inayouma na dalili za hatari.

Kuhusu ulinzi wa taarifa, nasisitiza kuliko jambo jingine lolote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, inamtaka anayezikusanya ajisajili kwa Tume husika, na inaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Seva za KoboToolbox zinazotumiwa na umma ziko Marekani na Ulaya. Kliniki inayojaza majina na magonjwa ya watu humo, kwa hiyo, inatuma taarifa nje, na inapaswa kupata ushauri wa kisheria kabla ya kuanza. Wenye fundi wa kuaminika wanaweza kuisimika kwenye seva yao wenyewe, kwa kuwa msimbo wake uko wazi. Sisi hatimaye tuliamua kutenganisha: majina na simu vimehamia katika daftari linalofungwa kabatini, na fomu ya kielektroniki hubeba namba ya mgonjwa tu badala yake. Fomu pia inaweza kusimbwa kwa ufunguo, ila ukifanya hivyo huwezi tena kuyaona majibu kwenye tovuti, unayapakua na kuyafungua kwenye kompyuta yenye ufunguo. Mpango wa bure nao una kikomo cha fomu zinazotumwa na cha nafasi ya kuhifadhi, na ulikusudiwa zaidi mashirika yasiyo ya faida, hivyo kliniki binafsi isome masharti kwa makini.

Upungufu mkubwa kwangu ni kwamba KoboToolbox huona fomu, haimwoni mgonjwa. Kila fomu iliyojazwa ni mstari wake katika jedwali, na mgonjwa aliyekuja mara sita ni mistari sita inayounganishwa na namba yake peke yake. Kuna njia ya kuiunganisha miradi ili fomu ya maendeleo ivute majibu ya fomu ya kwanza, lakini inahitaji uandishi wa masharti ambao si rahisi kumwachia mtu wa mapokezi. Kwa kipimo cha shughuli hili ni tatizo la kweli, kwa sababu mama aliyetaja kukuna nazi, kujitwisha ndoo na kusujudu lazima aulizwe hizohizo tatu baada ya majuma mawili, la sivyo alama hazilinganishwi. Kwa sasa shughuli hizo zinaandikwa kwa kalamu nyuma ya kadi yake ya miadi, naye hurudi nayo, na mara nyingi huwa amekwisha kujipa alama mwenyewe akiwa njiani.